Kisiwa cha Kijani kwa Mfuko Mwepesi

Ndugu zetu wengi wa Kiislamu, khasa wale wenye watoto wengi na kipato kidogo, wadhani kuwa safari ya kwenda kutazama viumbe vya Mwenyezi Mungu katika misitu na bahari ni anasa ya matajiri na ya wageni watokao ng'ambo. Huwaona wageni hao wakipita na mizigo yao na kamera zao, wakasema moyoni, haya si yetu sisi. Walakini viumbe hao wamo katika nchi yetu wenyewe, na watoto wetu wakua bila ya kuwajua. Mtoto wa pwani aweza kukutajia simba na tembo na twiga, ambao pengine hatawaona maisha yake yote. Lakini ukimwuliza popo wa Pemba ni mnyama gani, atakutazama tu asijue la kujibu.

Kwa sababu hiyo nimeona vyema niandike khabari za kisiwa cha Pemba, nilichokizuru wakati wa likizo pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu, kwa fedha za mwalimu wa chuo, ambazo msomaji ajua zilivyo. Nitaeleza tuliyoyaona na namna tulivyopunguza gharama. Lakini zaidi ya hayo nataka kueleza jambo moja ambalo vijana wasafirio siku hizi aghalabu hulisahau: katika safari ya mtu asiye na mali, yako matumizi yapunguzikayo na yako yasiyopunguzika. Asiyepambanua baina ya hayo mawili huweza kuwadhulumu watu huku akijiona ni mwerevu wa kubana fedha.

Kisiwa chenyewe

Pemba iko kaskazini ya Unguja, mbali na pwani ya Tanga kiasi cha kilomita 50. Urefu wake wapata kilomita 67, na upana wake, pale palipo papana, wapata kilomita 23. Waarabu wa zamani waliiita Al-Jazira al-Khadra, maana yake Kisiwa cha Kijani, na hata leo jina hilo halikumkosea mwenyewe. Unguja sehemu kubwa ni tambarare, bali Pemba ni vilima na mabonde yasiyokwisha: juu ya kilima mikarafuu na miembe, chini bondeni mpunga, na pembeni mwa bahari mikoko iliyoingia ndani ya hori kama vidole.

Wataalamu watueleza jambo la ajabu juu ya bahari iliyokizunguka. Maji yaliyo baina ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, na katika zama za kale, bahari iliposhuka duniani kote, Unguja iliungana na bara, na wanyama wakapita kwa miguu. Ama mkondo ulio baina ya Pemba na bara, kina chake chazidi mita 700. Bahari iliposhuka, Pemba ilibaki kisiwa vilevile. Kwa hiyo Unguja ilipata chui na kima punju, na Pemba haikupata. Mwenye kwenda Pemba kutafuta wanyama wakubwa atarudi mikono mitupu. Lakini yeye mwenye macho ya kutazama vidogo atakuta viumbe ambao kwa asili hawapo pengine popote chini ya jua. Miongoni mwao ni ndege wa aina nne: bundi mdogo wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na kindege kimoja cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Na juu ya hao yuko popo mkubwa, ambaye khabari zake zaja.

Zamani kisiwa kilikuwa na msitu mwingi. Katika karne ya 19 kilimo cha karafuu kikaenea, na tufani kuu ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu. Watu walipata riziki, na msitu ukapungua. Sisemi hivi kwa kulaumu, kwani mimi mwenyewe nimekua kwa ada iliyolipwa kwa karafuu. Nasema ili msomaji afahamu kuwa kilichobaki leo ni kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachowahifadhi wote.

Namna tulivyogawa fedha

Kabla ya kuondoka nyumbani tuliketi mimi na mama watoto tukazihesabu fedha zetu, tukazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni nauli ya kwenda na kurudi. La pili ni chakula na malazi. La tatu ni viingilio vya hifadhi na ujira wa watembezaji. Nikamwuliza, "Je, tukipungukiwa njiani, tuchukue fungu lipi?" Akanijibu, "Bwana, tukipungukiwa tupunguze tumboni mwetu, tusipunguze mkononi mwa mtu." Basi fungu la tatu akalifunga pembeni mwa kanga yake, na funguo ya sanduku hilo ikawa ni yeye.

Katika nauli, vyombo vya kwenda Pemba viko vya mwendo wa kasi na viko vya polepole, na bei hupungua kadiri mwendo upunguavyo na kadiri daraja la kukaa linavyoshuka. Mwenye haraka na alipe. Sisi hatukuwa na haraka. Tulichukua mikate, mayai ya kuchemsha, ndizi na chupa ya chai, na watoto wakala vizuri kuliko wengi walionunua.

Hapa lakini yapasa kutoa onyo. Msafiri asikubali kamwe kuingia katika chombo kilichojazwa kupita kiasi kwa kuwa tu nauli yake ni ndogo au kwa kuwa atachelewa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikienda Pemba, ilizama karibu na Nungwi hali imebeba watu wengi mno kuliko uwezo wake. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na mamia ya watu wengine hawakuonekana tena. Pemba hakuna kijiji kisichokuwa na msiba wake. Wazee walisema rahisi ni ghali, na hapana ghali ishindayo hiyo. Ukiona watu wamejaa hata pa kuweka mguu hapana, rudi nyumbani ukangoje siku nyingine, hata kama tikiti yako imepotea bure.

Katika malazi, hoteli zilizo ufukweni si zetu. Chake Chake, Wete na Mkoani ziko nyumba za wageni za bei ya wastani, safi na zenye heshima. Sisi tulifikia kwa mwalimu mwenzangu nje kidogo ya mji wa Wete. Nataka kuwakumbusha vijana kuwa ukarimu wa Waislamu usifanywe hoteli ya bure. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa haki ya mgeni ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Tena si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Tulikwenda na mchele na sukari, mke wangu akaingia jikoni pamoja na mwenyeji wake, na usiku wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho.

Ama mwendo wa ndani ya kisiwa, daladala zapita baina ya miji yote, na nauli yake haimshindi mtu. Mwenye kukodi gari kutwa nzima hulipa maradufu nyingi, wala haoni zaidi. Ndani ya daladala utasikia khabari za mpunga, za karafuu na za bahari, na utaulizwa utokako na uendako, ukafika umekwisha kuelekezwa njia na watu watano.

Popo wa Kidike

Siku ya kwanza tulikwenda Kidike, ambako kuna makazi makubwa ya popo. Tulishuka njia kuu, tukaenda kwa miguu katikati ya mashamba, na kwa mwendo wa watoto tulitumia kiasi cha saa nzima.

Msomaji asidhani kuwa nasema juu ya vile vipopo vidogo virukavyo darini jioni. Popo wa Pemba akifungua mbawa zake, toka ncha hii hata ncha ile hupata kiasi cha mita moja na nusu. Manyoya yake ni mekundu kama kutu, mbawa ni nyeusi, na uso wake ni kama wa mbwa mdogo mwenye huruma. Mchana hujining'iniza juu ya miti mirefu, mamia kwa mamia, wakijipepea kwa mbawa kwa sababu ya joto, wakigombana na kunong'ona kama wanawake wa harusi. Ndugu zake wa karibu wako Bukini, yaani Madagaska, na Ngazija na katika visiwa vya Asia, na jamaa yake mmoja yuko Mafia. Lakini bara la Afrika lenyewe halina hata mmoja wa jamii hii. Chakula chake ni maembe, mashelisheli, tini za mikuyu na maua ya misufi. Alapo maua hubeba chavua toka mti hata mti, na alapo tunda hudondosha mbegu mbali na mama yake. Kwa hiyo yeye ni mpandaji wa miti asiyetaka ujira.

Walakini popo huyu alikuwa karibu kutoweka. Msitu ulikatwa, na watu walimwinda kwa nyama, kwanza kwa mitego na baadaye kwa bunduki, ambayo risasi moja ya marisawa huangusha wengi waliolala pamoja. Mwaka 1989 wataalamu walipokuja kumtafuta, hawakuona ila wachache sana, hata ikahofiwa kuwa amekwisha. Katika miaka ya 1990 wanavijiji wenyewe wakaunda vikundi vya kumhifadhi, wakakataza kuwinda katika makazi yake, na walimu wakafundisha watoto shuleni. Baadhi ya makazi hayo yamo katika miti ya makaburi ya kale, ambayo desturi ya wazee imekataza kuikata. Hesabu zilizofanywa kati ya mwaka 2006 na 2008 zilionyesha kuwa popo wamezidi 20,000. Ni nadra sana kusikia khabari kama hiyo. Na jambo la kuzingatia ni kuwa hapakujengwa ukuta, wala hapakuletwa askari. Watu walijizuia tu.

Tulipokuwa pale wakaja vijana wawili kutoka mjini. Mmoja wao akaanza kubishana na mzee wa kijiji juu ya kiingilio. Akamwambia, "Mzee wangu, popo hawa ni wa Mungu. Kwa nini mwatutoza?"

Yule mzee hakukasirika. Akasema, "Kweli, mwanangu, popo ni wa Mungu, wala sisi hatuwauzi. Lakini maembe waliyoyala jana ni yangu. Na mti huu wanaolalia nilitaka kuukata nikaezeka nyumba, nisiukate. Na nyama yao tuliyoizoea toka kwa babu zetu tumeiacha. Unalolipa wewe ni hilo tuliloliacha."

Kijana hakujibu. Alitia mkono mfukoni akatoa.

Maneno ya mzee yule yalinishughulisha safari nzima. Sisi wenye mfuko mwepesi tumezoea kufikiri kuwa tajiri ndiye awezaye kuonewa na maskini hana wa kumwonea. Lakini pale Kidike mwenye haja alikuwa mbele yetu, na sisi ndio tuliokuwa na khiari. Fedha ile ambayo kwetu ni bei ya soda mbili, kwake ndiyo hoja ya kumwambia jirani yake: usipige bunduki, popo hai ana faida.

Nawaongeza vijana jambo jingine. Usipige makofi wala usirushe jiwe ili popo waruke upate picha. Mchana ni usiku wao. Mama mwenye mtoto kifuani akirushwa katika jua kali huchoka, na mtoto huweza kuanguka. Ngojea jioni, watatoka wenyewe, na utaona mbingu imejaa bila ya kumwudhi yeyote.

Msitu wa Ngezi

Siku ya pili tulipanda daladala mpaka Konde, kaskazini ya kisiwa, na kutoka hapo ni mwendo wa kilomita chache hata mlango wa msitu wa Ngezi. Wako wenye pikipiki wa kumpeleka achokaye. Msitu huu ndio mabaki makubwa ya ule uliofunika kisiwa zamani, nao hauzidi sana kilomita 14 za mraba.

Mtu aingiapo ndani huhisi kama ameingia katika msikiti wa kale wakati wa adhuhuri: jua limebaki nje, baridi imeshuka, na sauti ya mtu yenyewe yajipunguza. Tuliona mivule ambayo watu wanne hawaizungushi mikono. Tuliona mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao kwa asili wake haupo ila Pemba, na ndugu zake wako Bukini. Tumbili tuliwaona wengi. Kima punju wachache waliletwa hapa kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Hao hatukuwaona, ila mtembezaji wetu alituonyesha matunda waliyoyatafuna na kuyaacha.

Mtembezaji ndiye macho ya msafiri. Bila yeye tungepita chini ya ninga ishirini tusione hata mmoja, kwani rangi yake ni ya jani, na anapotulia huwa jani. Mtu yule alisimama, akainua kidole, akanong'ona, na watoto wakaona. Ujuzi huo hakuupata kwa siku moja, wala haukuandikwa katika kitabu chochote nilicho nacho. Basi vipi nimkate bei kama mtu anunuaye muhogo wa jana?

Bundi wa Pemba hulia usiku, na wako wazuruo Ngezi wakati huo pamoja na mtembezaji. Sisi hatukuweza kungoja, kwani gari hupungua jua linapoinama, na kukodi gari ya usiku hakukuwamo katika hesabu zetu. Walakini bundi huyu haishi msituni tu. Hupatikana na katika mashamba ya mikarafuu. Usiku ule baada ya Isha, tukiwa tumeketi barazani, tulimsikia katika mikarafuu ya jirani, akitoa sauti moja fupi, akinyamaza, akitoa tena. Watoto walikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopata kuwaona wakikaa darasani kwangu. Na sauti hiyo hatukulipa hata senti.

Misali

Safari iliyokuwa nzito kwa mfuko wetu ni ya Misali. Hiki ni kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu daima, upande wa magharibi wa Pemba, na watu wengi huendea kutoka bandari ya Wesha karibu na Chake Chake. Boti hukodiwa yote nzima, awe abiria mmoja au kumi. Ushauri wangu ni kwamba mwenye familia asikodi peke yake. Sisi tulikwenda Wesha jana yake, tukauliza, tukaambiwa kuna jamaa walimu waendao kesho yake asubuhi. Tukachanga pamoja nao, na gharama ikawa robo ya ile tuliyotajiwa kwanza.

Wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhri, amani imshukie, alifika hapo akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hiki chenyewe ndicho msala, kwani kimelala kuelekea kibla; na toka hapo kikaitwa Misali. Hayo ndiyo masimulizi ya wazee, na ukweli wake Mungu ndiye ajuaye. Lakini masimulizi hayo yamekipa kisiwa heshima ambayo ilani za serikali peke yake zisingeweza kukipa.

Mwaka 1998 Misali ilifanywa hifadhi, na sehemu ya matumbawe ya upande wa magharibi ikatengwa isivuliwe kabisa, ili samaki wapate mahali pa kuzaa. Mwaka 2005 ulinzi ukapanuliwa ukaingiza eneo kubwa la mkondo wa Pemba. Hapo mwanzo wavuvi wengi hawakupendezwa, na ni haki yao, kwani bahari ndiyo shamba lao. Wako waliotumia nyavu haramu, na katika pwani yetu wako hata waliotumia baruti, iuayo mkubwa na mdogo na kulivunja tumbawe lililochukua miaka mingi kukua. Ndipo wataalamu wa hifadhi wakashirikiana na masheikh, mafunzo yakatolewa kwa njia ya dini: kwamba mwanadamu amewekwa khalifa wa ardhi, si mwenyewe wake, kwamba wanyama na ndege ni umma kama tulivyo sisi, kwamba israfu ni haramu hata penye maji mengi. Kwa watu ambao husali jamaa kabla ya kutweka tanga, maneno hayo yalikuwa na uzito mwingine. Mlinzi wa serikali hulala, na boti yake huishiwa mafuta. Lakini aaminiye kuwa Mola wake amwona hana usiku wa kujificha.

Tulipokaribia ufuko, baharia wetu mmoja, kijana mwema kwa mengine yote, aliwatazama watoto wangu akaniona sina mali. Akaninong'oneza, "Maalim, nikikushusheni upande wa pili, mlinzi hatawaona. Kiingilio mtawanunulia watoto chakula."

Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu, najua watuonea huruma. Lakini kisiwa hiki si chaitwa msala? Mtu hukanyagaje msala kwa mguu wa wizi?" Akacheka, akaona haya kidogo, akatupeleka penye mlinzi. Mama watoto akafungua pembe ya kanga, tukalipa kwa wote. Baada ya hapo hatukuwa na fedha za kukodi miwani ya kuzamia ila moja tu, nayo ikapokezanwa na watoto watatu kila mmoja kwa zamu yake. Kila aliyeinua kichwa alikuwa na khabari mpya: samaki wa buluu, samaki wa milia, nyota ya bahari, tumbawe kama ubongo wa mtu. Yasemwa kuwa aina za samaki wa hapo zapita 300. Mwanangu mdogo alisisitiza kuwa ameziona zote.

Nchi kavu tuliona tumbili wa kisiwa wakiokota vitu pwani maji yalipokupwa. Mlinzi alituonyesha tundu ya kaa mkubwa apandaye minazi, ambaye sehemu nyingi ameliwa akamalizika. Binti yangu alitamani mno kumwona kasa. Hatukumwona, kwani hupanda kutaga usiku, na kulala hapo hakukuwa katika ruhusa yetu. Tuliona alama yake tu, imekokotwa mchangani toka majini hata chini ya vichaka, kama mtu aliyevuta gunia. Binti akasimama hapo kitambo. Nilidhani atalia, lakini aliniambia, "Baba, basi alikuwa hapa jana." Nikafahamu kuwa ameridhika, na labda hiyo ndiyo tofauti ya mtu aliyekuja kutazama na mtu aliyekuja kununua.

Maneno ya mwisho kwa wasomaji

Ewe kijana utakaye kwenda Pemba, haya ndiyo ninayokuusia. Epuka miezi ya masika, Machi hata Mei, kwani njia huharibika na bahari huchafuka. Ukienda katika Ramadhani, fahamu kuwa mchana hutapata mahali pa kula, na hiyo ni heshima ya mji. Vaa mavazi ya stara hata ufukoni. Chukua kikapu chako, na taka zako zirudi nazo. Usinunue ganda la kasa wala gome la bahari lililotolewa likiwa hai, hata ukiambiwa ni zawadi nzuri ya mama. Mpe mtoto wako daftari na kalamu aandike jina la kila kiumbe kwa Kiswahili, kwani majina ya wazee yanatoweka upesi kuliko hata ndege wenyewe.

Na unapobana matumizi, jibane wewe. Panda daladala, lala chumba kidogo, kula mhogo na pweza wa jioni sokoni, nenda kwa miguu. Hayo yote ni yako kuyapunguza, na Mwenyezi Mungu atakulipa kwa subira yako. Lakini ujira wa mtembezaji, kiingilio cha kijiji na haki ya baharia si vyako. Ukivipunguza hivyo hukuokoa kitu. Umehamisha gharama tu kutoka mabegani mwako ukamtwika mwenye shamba, naye ataitua juu ya mti, na mti utaitua juu ya popo.

Popo wale waliokuwa wachache hata wakahesabiwa kwa vidole, leo wanafunika mbingu ya Kidike wakati wa Magharibi. Waliwezekana kurudi kwa kuwa watu maskini walikubali kuacha kitu. Msimu mmoja wa bunduki watosha kuwamaliza tena. Basi aendaye kuwatazama na ajue kuwa naye ameitwa kushika upande wa mzigo huo, kwa kadiri ya uwezo wake, hata kama uwezo wenyewe ni fundo dogo katika pembe ya kanga.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie miongoni mwa wenye kuitunza amana. Wabillahi tawfiq.